Jiwe la kaburi la askari huoshwa kwa maji matupu

Novemba, mwezi wa kuwakumbuka askari waliokufa vitani, ikikaribia, kamati za miji midogo hukumbuka minara ya mashujaa wao, na kitu cha kwanza kununuliwa ni debe la rangi nyeupe. Rangi hiyo huharibu jiwe kuliko mvua ya miaka hamsini.

Nitatumia mfano wa Taveta, mji mdogo mpakani mwa Kenya na Tanzania wenye makaburi ya kijeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliuteka Agosti 1914. Waingereza walishambulia kilima cha Salaita Februari 12, 1916 wakarudishwa nyuma, kisha wakapigania vilima vya Latema na Reata usiku wa Machi 11 kuamkia 12. Tarehe hizo zishike kichwani kabla hujaingia makaburini. Aliyekufa wiki au miezi baada ya mapigano, mara nyingi ni malaria au kuhara damu vilivyomuua; katika kampeni ya Afrika Mashariki maradhi yaliua wengi kuliko risasi.

Jiwe la kawaida la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola lina kimo cha sentimita 81 na upana wa sentimita 38. Lisome kutoka juu: nembo ya kikosi (kichwa cha swala ni cha Afrika Kusini), nambari ya askari, cheo, jina, kikosi, tarehe, umri, alama ya dini. Chini kabisa huwa kuna maneno ya familia, yasiyozidi herufi 66. Familia za New Zealand hazikuruhusiwa kuandika chochote, kwa hiyo usidhani nafasi tupu maana yake marehemu hakuwa na jamaa.

Mawe haya ni mali ya Tume. Ukiona limepasuka au limeinama, piga picha, andika kiwanja, mstari na nambari ya kaburi, uwapelekee. Usilisimamishe kwa zege.

Mnara uliojengwa na mji wenyewe ni jukumu la mji. Lowesha jiwe kwa maji safi kwanza. Sugua kwa brashi laini ya nailoni au ya katani, ukianza chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakitiririka kwenye jiwe kavu huacha michirizi isiyotoka. Kuvu ikiwa imeshika, iloweshe tena na uikwangue kwa kijiti cha mbao. Jiki usitumie: chumvi zake huingia kwenye vitundu vya jiwe, zikikauka zinaganda na kuumua uso wake hadi uwe unga. Limau, siki na asidi ya chooni huyeyusha mawe ya chokaa na marumaru papo hapo. Brashi ya waya huacha chembe za chuma, na mwezi mmoja baadaye utaona madoa ya kutu. Rangi nayo hufungia unyevu ndani, ikatoka malengelenge na kujaza herufi.

Herufi zilizofifia hazihitaji kupakwa chaki. Nenda asubuhi mapema jua likiwa chini, au shika kioo pembeni umulike uso wa jiwe kwa mshazari. Kivuli kitakusomea jina.

Mianya kati ya mawe izibwe kwa chokaa sehemu 1 na mchanga sehemu 3. Saruji tupu ni ngumu kuliko jiwe la chokaa, hivyo jiwe ndilo hupasuka ukingoni.

Sasa majina, kazi ngumu kuliko zote. Wapagazi na askari wengi Waafrika hawakupewa jiwe. Ripoti ya Tume ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Mji ukitaka kuwaongeza wa kwao, usichonge kwenye mnara wa zamani. Weka bamba jipya kando yake. Linganisha kila jina la masimulizi ya wazee na orodha ya Tume, inayosomeka bure mtandaoni, lakini jina lisipokuwamo isiwe sababu ya kulitupa. Andika kwa mpangilio wa alfabeti bila vyeo, na uache theluthi moja ya bamba wazi, maana wajukuu hujitokeza baada ya uzinduzi.

Chagua graniti. Shaba nyeusi hupendeza, ila mnunuzi wa vyuma chakavu hayuko mbali. Herufi ziwe na kimo cha milimita 20 angalau na zichongwe ndani ya jiwe, zisibandikwe. Bamba lishikwe kwa pini za chuma kisichoshika kutu. Nondo ya kawaida hufura ikishika kutu na kulipasua bamba kutoka nyuma, na fundi atakuambia ni jua.