Stesheni ya mkoloni hailindwi na uzee wake

Wengi hudhani jengo likishapita miaka mia moja, tayari ni mali ya kale na haligusiki. Kwa stesheni zetu za reli sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Kwa miaka 30 tu, njia nzima imeachwa nje: Muheza iliyofikiwa 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, hata reli ya kati iliyofika Kigoma 1914. Namna iliyobaki ya kulilinda jengo ni Waziri anayehusika na mambo ya kale alitangaze katika Gazeti la Serikali. Lisipotangazwa, mwenye nalo hulikarabati apendavyo.

Na huko kukarabati, kusema kweli, hutuumiza kichwa kuliko hata kubomoa. Kuta za mawe za enzi zile zilijengwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa ni laini na hupitisha unyevu: mvua ikilowesha ukuta, maji hutokea kwenye viungo, yaani maungio ya mawe. Sasa fundi anakuja na mfuko wa saruji, anaziba viungo vyote, na siku hiyo kazi inapendeza. Unyevu ukikosa pa kutokea hupitia kwenye jiwe lenyewe, ukiburuta chumvi. Baada ya masika kadhaa jiwe limeliwa na kurudi ndani, saruji imebaki imejitokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Pitisha kidole, unatoka na unga. Dawa ni kuigongoa saruji polepole kwa patasi, si kwa mashine, na kurudishia chokaa.

Tena stesheni si jengo la tiketi peke yake. Kuna tenki lililonywesha magarimoshi, shimo la kumwagia majivu ya magarimoshi hayo, na mataruma ya chuma yanayolaliwa na reli, yaliyochaguliwa kwa sababu mchwa hawayawezi. Hivi ndivyo huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwanza.

Ukitaka kupendekeza stesheni ya kwenu itangazwe, piga picha za vyote hivyo. Chungulia pia kiunoni mwa reli, ile sehemu nyembamba ya ubavuni: mara nyingi utakuta jina la kiwanda na mwaka. Ila usiuandike mwaka huo kuwa ndio wa ujenzi, maana reli zilizochakaa njia kuu zilihamishiwa njia za pembeni.