Kazi yako imerejelewa mara ngapi? Dhana potofu na ukweli

Mhadhiri akiomba kupandishwa cheo au kutafuta ufadhili, mara nyingi huulizwa kazi zake zimerejelewa mara ngapi, yaani zimetajwa mara ngapi katika kazi za wengine. Swali ni halali. Tatizo ni namna jibu lake linavyosomwa.

Dhana: Idadi ni moja popote utakapoitazama.
Sivyo. Kila hifadhidata huhesabu yale tu iliyoyaorodhesha. Web of Science, iliyochipuka kutokana na faharasa ya marejeleo ya kisayansi ya Eugene Garfield ya mwaka 1964, huchagua majarida, na Scopus vilevile. Google Scholar, iliyoanza 2004, huzoa pia tasnifu, vitabu na mada za makongamano. Basi mtu akiwa na 40 huku na 150 kule, hajadanganya. Kwenye wasifu wako taja umeitoa wapi tarakimu hiyo, na tarehe gani.

Dhana: Mwenye h kubwa ndiye bora.
Kipimo cha h kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 10, una kazi 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10. Aliyeandika vitabu vitatu tu, vilivyobadilisha fani nzima, hawezi kuvuka 3. Tena kinachezewa: mwaka 2010 Cyril Labbé wa Grenoble, Ufaransa, alitunga makala bandia zinazorejeleana, akampa mtafiti asiyekuwepo, Ike Antkare, h ya 94 katika Google Scholar.

Dhana: Kurejelewa ni kusifiwa.
Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010. Imerejelewa sana, na wengi walifanya hivyo kuipinga.

Dhana: Asiyerejelewa hasomwi.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inawaumiza wanaoandika kwa Kiswahili. Makala ya isimu au fasihi yaweza kufundishiwa miaka nenda rudi, ikatajwa katika tasnifu kadhaa zilizojalidiwa na kupangwa rafuni maktabani. Kama tasnifu hizo haziko mtandaoni, hakuna mashine itakayozihesabu. Kamati inayoona sifuri na kuamua kwamba kazi haina wasomaji inamdhulumu mwandishi.

Halafu kuna majina yetu. Tuseme mtu ametia saini Asha Juma katika makala moja, A. J. Bakari katika nyingine, na Asha Bakari katika ya tatu. Mfumo humgawa watu watatu, na hesabu yake hutawanyika. Chagua umbo moja la jina ulishike. Jisajili ORCID, mfumo wa kuwatambulisha watafiti, ambao humpa kila mmoja namba yake ya tarakimu 16 bila malipo tangu 2012, na uiweke katika kila makala unayotuma. Katika ukurasa wako wa Google Scholar, unganisha maingizo yaliyojirudia, uondoe yasiyo yako, kisha bofya idadi iliyo mbele ya kila kazi usome waliokurejelea wamesema nini.