Milima ya Andes ilikuwa shamba na ghala la Wainka, sio ngome

Tangu kampeni yetu ya urithi wa dunia ianze, meseji nyingi zinazoingia hapa makumbusho zinauliza kitu kilekile, eti Wainka, wale waliotawala milima ya Andes huko Amerika Kusini, walifaidika nini na milima zaidi ya kujificha wasivamiwe. Jamani, habari ya kujificha tuiache sasa! Wahispania walimkamata mfalme wao Atahualpa hukohuko milimani, Cajamarca, mwaka 1532, na mwaka uliofuata wakaingia Cusco, mji mkuu wa Wainka, kama mita 3,400 juu, tena kwa barabara walizojenga Wainka wenyewe.

Faida kubwa ilikuwa kwenye mteremko. Ukishuka mwendo wa siku chache tu unakuta hali ya hewa nyingine kabisa, juu kwenye nyasi za baridi ni lama na alpaka, mifugo yao ya mizigo na sufu, chini yake viazi, chini zaidi mahindi, kwenye mabonde ya joto huko mmea wa koka, kwahiyo baridi ikiua zao moja mengine yanabaki. Matuta yao ya ngazi nayo yalikuwa na kuta za mawe, ndani yake changarawe halafu udongo, mvua inazama taratibu haiondoki na shamba, na yale mawe yakishapigwa jua mchana, usiku yanaachia joto.

Hata baridi yenyewe waliifanyisha kazi. Kutengeneza chunyo, yaani viazi vikavu, viazi vinatandazwa nje usiku vigande, mchana vinayeyuka, vinakanyagwa kwa miguu maji yatoke, inarudiwa hivyo siku kadhaa mpaka vikauke vibaki vyepesi, na hapo vinakaa miaka. Kwa watu wasio na farasi wala mkokoteni, na lama anabeba kilo 25 hadi 30 tu, huo wepesi ulikuwa mkombozi. Ghala zilijengwa kwenye miteremko yenye upepo, za mji wa Ollantaytambo zinaonekana mpaka leo.

Kwa mnaoulizia kutembea Njia ya Inka kwenda Machu Picchu, mji wao wa kale huko Peru: ni watu 500 kwa siku, wapagazi wakiwemo, na Februari inafungwa. Kibali kina jina na namba ya pasipoti, hakiuzwi wala hakihamishwi kwa mtu mwingine, vikitofautiana na pasipoti yako unarudishwa pale kituo cha ukaguzi. Ukibadilisha pasipoti katikati, beba na ya zamani. Na mkifika kwenye matuta ya Wiñay Wayna, magofu ya Wainka kwenye njia hiyo, tafadhalini msipande juu ya kuta kupiga picha, jiwe moja likichomoka udongo wa nyuma unalifuata.