Ushuru wa India na gunia la dengu la Kwimba

Mei 2024 India ilipofuta ushuru wa dengu inayotoka nje, mama mmoja mkulima wa Kwimba alinipigia simu kwa furaha. "Mwanangu, nimesikia Wahindi wameondoa ushuru. Basi mwaka huu nisiwe na haraka ya kuuza, eti?" Nikamjibu, "Hapana mama. Ukivuna tu, bei ikiwa nzuri, uza." Akanyamaza. Nadhani alihisi nimeshapewa chochote na wanunuzi.

Shauku yake naielewa. Kwa akili ya kawaida ushuru ukiondoka muuzaji anapumua. Lakini ushuru ule haukuwa wetu. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, na chini ya mpango ambao India iliuanzisha 2008, dengu yetu huingia kule bila ushuru ikiwa na cheti cha uasilia, yaani cha kuthibitisha imelimwa hapa kwetu. Aliyekuwa akibanwa ni Mwaustralia, mshindani wetu mkubwa. Mwishoni mwa 2017 India ilimtoza asilimia 30, na mapema 2018 ikafika 60.

Tuseme mwenye kinu Mumbai yuko tayari kulipa 1,600 kwa kilo, kwa shilingi zetu, ushuru ukiwa ndani. Kwa asilimia 60, Mwaustralia anabaki na 1,000. Wewe wa Misungwi au Magu unaweza kudai mpaka 1,600. Hilo pengo la 600 ndilo lililokuwa likitubeba, ingawa sitadanganya kwamba lote lilifika shambani. Mwenye cheti na kontena alikata kwanza, dalali akafuata, na lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, ikamalizia. Ushuru ukiwa sifuri, pengo halipo.

Kulikuwa na balaa la pili. Tangu Desemba 2023 India ilikuwa imeruhusu njegere kavu za manjano ziingie bila ushuru, na hizo husagwa zikachukua nafasi ya unga wa dengu. Ukiangalia dengu peke yake utashangaa bei inashuka kwa nini.

Kilichobaki kutuokoa ni kalenda. Dengu ya mbuga zetu za udongo mweusi hukua kwa unyevu uliobaki baada ya mvua, ikavunwa katikati ya mwaka, na kufika India kabla ya sikukuu ya Diwali. Australia huvuna zaidi kuanzia Oktoba. Wakulima wao, waliposikia habari ile ya Mei, walipanda maeneo makubwa. Meli zao zilipoanza kushusha mzigo mwishoni mwa mwaka, bei ikalegea.

(Wasomaji wa Kenya: dengu hapa si ndengu yenu. Hiyo sisi tunaiita choroko.)

Mbaazi ilikuwa kesi nyingine. Agosti 2017 India iliiwekea ukomo wa tani, tani 200,000 kwa mwaka. Msamaha wa ushuru haukufaa kitu, kwa sababu ukomo ukijaa mlango umefungwa, hata uwe na cheti gani. Msumbiji walikuwa na makubaliano yao na India ya 2016, sisi hatukuwa nayo. Mlango ulifunguliwa tena 2021.

Aprili 2025 India ilirudisha ushuru wa dengu, asilimia 10. Rudia hesabu ya juu kwa kiwango hicho: Mwaustralia anabaki na takriban 1,455, pengo ni 145 kwa kilo, yaani 14,500 kwa gunia la kilo 100. Mama wa Kwimba aliponiuliza mara ya pili, nilimtajia hiyo 14,500. Akauliza inagawanywa na watu wangapi.