Kwa nini New York mlango wa mgeni hautiwi kitasa cha ufunguo?

Je, wajua kwamba katika jiji la New York, ukimpangisha mgeni chumba kwa siku tano, sheria inakutaka nawe ulale katika nyumba hiyohiyo? Tena kitasa cha kubofya namba kwenye mlango wa chumba chake, kile kinachopendwa na wenyeji wengi wa Airbnb, jukwaa la mtandaoni la kukodishia wageni vyumba, kule ni ushahidi dhidi yako.

Wengi hudhani kanuni hizi zilitungwa kuikomoa Airbnb. Mzizi wake ni wa zamani zaidi: ni sheria ya Jimbo la New York ya mwaka 1929 kuhusu majengo yanayokaliwa na kaya tatu au zaidi. Sheria hiyo inatenganisha jengo la wakazi wa kudumu na jengo la wapita njia kama hoteli, na sababu kubwa ni moto. Mkazi anajua ngazi za dharura ziko wapi hata gizani, lakini mgeni aliyefika jana usiku hajui. Ndiyo maana hoteli hubanwa zaidi kuhusu ving'ora, mifumo ya kuzima moto na mpango wa kuwatoa watu, ilhali jengo la fleti za kawaida halikujengwa kwa viwango hivyo.

Mwaka 2010 jimbo lilibana mianya. Tangu Mei 2011, fleti katika jengo la wakazi wa kudumu sharti ikaliwe na mtu yuleyule kwa siku 30 mfululizo au zaidi. Wageni watatu wa siku kumikumi hawahesabiwi kuwa mmoja wa siku 30.

Sasa huyo wa siku tano anapitia mlango gani? Anaingia kama sehemu ya kaya yako. Kanuni za jiji zinaruhusu kaya kuwa na wapangaji wa chumba wasiozidi wawili, mradi wote waishi kama nyumba moja. Na kuishi kama nyumba moja hupimwa hivi: kila aliyemo awe na njia ya kufika kila sehemu, jikoni, sebuleni, bafuni na kwenye milango yote ya kutokea. Chumba kikiwa na kitasa kinachomwezesha mtu kutoka na kukifunga nyuma yake, hapo kaya imeshagawanyika na chumba kimekuwa cha gesti. Masharti yote matatu yanatoka hapo: mwenyeji awepo, wageni wanaolipa wasizidi wawili, milango ya ndani isifungwe kwa ufunguo. Familia ya watu wanne haiingii, hata kama una vyumba vitano. Na usidhani nyumba ya kaya moja au mbili imesamehewa, nayo imo.

Kilichobadilika karibuni ni meno ya sheria. Zamani mara nyingi mkaguzi alilazimika kukukamata ukiwa na mgeni ndani. Sheria ya Jiji Namba 18 ya mwaka 2022 iliyageuza mambo: lazima ujisajili kwanza, na jukwaa la kukodishia haliruhusiwi kupitisha malipo kabla ya kuhakiki namba yako ya usajili kwenye mfumo wa jiji. Likikiuka, faini yafika dola 1,500 kwa muamala mmoja. Mwenyeji naye anaweza kutozwa hadi dola 5,000. Airbnb ilikwenda mahakamani, kesi ikatupwa Agosti 2023, na utekelezaji ukaanza Septemba 5 mwaka huo. Jiji halikuficha sababu ya pili ya ukali huu, nayo ni uhaba wa nyumba: utafiti wake wa 2023 ulikuta fleti zilizo wazi kwa kupangishwa ni asilimia 1.41 tu.

Maombi hupelekwa Ofisi Maalumu ya Utekelezaji, iliyo chini ya meya. Ada ni dola 145, hairudishwi hata ukikataliwa, kwa hiyo uchunguzi ufanye kabla ya kulipa. Anza na mkataba wako wa upangaji, kwa sababu utatakiwa kuthibitisha kwamba haukukatazi kupokea wageni wa kulipa, na mwenye jengo ataarifiwa kuhusu maombi yako. Kisha angalia orodha ya majengo yaliyokatazwa: mwenye jengo anaweza kuomba jengo lake zima liingizwe humo, na likishaingia huna pa kupenyea. Fleti ambazo kodi yake inadhibitiwa na serikali, pamoja na nyumba za umma za jiji, hazisajiliwi kabisa. Baada ya hapo kusanya kitambulisho, ushahidi kwamba unaishi hapo kwa kudumu, na mchoro wa nyumba unaoonyesha vyumba na njia za kutokea. Msajiliwa ni mtu, si kampuni.

Ukipata namba, kazi haijaisha. Cheti na mchoro wa njia za kutokea hubandikwa ndani ya nyumba, na kumbukumbu za kila mgeni hutunzwa miaka saba. Panapokwamisha watu ni padogo sana: jina la utani kwenye tangazo badala ya jina la kwenye usajili, au anwani isiyo na namba ya fleti. Mfumo hulinganisha taarifa hizo, na zisipooana malipo hayapiti. Pitia picha za tangazo pia. Kitasa cha namba kikionekana pale, umejishtaki mwenyewe.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kupangisha siku 30 au zaidi, ambako usajili hautakiwi. Ni halali, ila kuna gharama ambayo matangazo hayaitaji. Mtu akishakaa siku 30 mfululizo katika jiji hilo, huwezi kumtoa kwa kubadilisha kufuli au kumtolea mabegi nje, hata kama ameacha kulipa. Lazima uende mahakamani, na kesi inaweza kuchukua miezi huku yeye akiendelea kulala kwako.