Vita au uasi? Maji Maji kwa Kiswahili na kwa Kijerumani

Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Matumbi, kusini mwa Tanzania ya leo, watu waling'oa pamba kwenye shamba walilokuwa wakilimishwa kwa nguvu na wakoloni wa Kijerumani. Tangu hapo jambo moja lina majina mawili. Wajerumani waliandika Aufstand, yaani uasi. Sisi tunasema Vita vya Maji Maji.

Tofauti hiyo ni nzito. Ukimwita mtu mwasi, umeshakubali kwamba aliyemtawala alistahili kutiiwa. Vita vina pande mbili, na kila upande una wafu wa kuliliwa. Hata hivyo neno "waasi" bado hutuponyoka sisi wenyewe, kwa sababu taarifa nyingi zilizobaki ziliandikwa na maofisa wa Kijerumani, na anayetafsiri taarifa asipoangalia hubeba na macho ya mwandishi wake.

Wazee wa Umatumbi waliohojiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa na neno lao: njwiywila. Ni mnong'ono wa siri uliopita kutoka mtu hadi mtu, ukieneza habari za mganga Kinjikitile wa Ngarambe na maji yake, yaliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, kabla ya vita kuanza. Maofisa waliona uchawi tu. Njwiywila inaonyesha watu waliokuwa wakishauriana.

Kisha njaa. Mwaka 1905 Kapteni Wangenheim, ofisa wa Kijerumani, aliandika kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Vijiji na mashamba vikachomwa, vyakula vikatekwa. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikia 250,000 hadi 300,000. Hapa Kiswahili chenyewe hutuponza, maana tunasema "njaa iliingia" kana kwamba ilikuja na upepo. Ile iliingizwa, na naomba walimu wetu waifundishe hivyo.

Tusikwepe jingine: wengi waliotumwa kuchoma walikuwa Waafrika. Neno letu "askari" liliingia katika Kijerumani, na huko likakaa miaka mingi kama sifa ya mtumishi mwaminifu. Kwa mama aliyechomewa ghala lilikuwa na maana nyingine kabisa.

Tarehe 1 Novemba 2023, mjini Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisema anaona aibu, akaomba Verzeihung. Tulitafsiri "msamaha", na tafsiri ni sahihi. Ila kwetu anayeomba msamaha kwa damu iliyomwagika hatarajiwi kuja na maneno matupu, ndiyo maana neno "fidia" halikukawia kufuata.

Siku hiyo alikutana pia na wajukuu wa Songea Mbano, nduna, yaani kiongozi wa vita, wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ukoo unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani kabla ya hapo, lilirudishwa Uhehe mwaka 1954. La Songea bado linatafutwa. Katika nyaraka za pande zote mbili sasa tunaandika "mabaki ya binadamu", neno la heshima katika lugha za makumbusho. Lakini kwa Kiswahili cha nyumbani mabaki ni yale yanayosalia chunguni. Ukoo wa Mbano hautafuti mabaki. Unamtafuta babu, wamzike.