Kiatu Kimepasuka, Siyo Laana

Wiki hii ni mara ya tatu. Mama mmoja ameweka viatu vya binti yake juu ya meza yangu hapa Birere, mjini Goma, soli imeachama kama mdomo wa samaki sambaza aliyekauka, na kabla sijafungua kinywa ananiambia: "Papa fundi, nilishafunga siku tatu juu ya hii nyumba, lakini kila kitu kinaharibika tu. Redio, sufuria, sasa viatu. Imani yetu iko na shida." Kisha ananipiga na andiko, Kumbukumbu la Torati 8:4: nguo za Waisraeli hazikuchakaa miaka 40.

Mimi ni fundi viatu na pia shemasi. Andiko hilo nimelisikia kwenye meza hii mara nyingi kuliko swali la bei.

Dhana: mwenye imani, vitu vyake havichakai.

Haya, tulisome, lakini tusiishie katikati. Waliotoka Misri wakiwa na miaka 20 na zaidi waliambiwa katika Hesabu 14 kwamba maiti zao zitaanguka jangwani, isipokuwa Kalebu na Yoshua, kwa sababu wengine walikataa kumwamini Mungu. Na Kumbukumbu 29:5 inasema hata viatu havikuchakaa miguuni mwao. Yaani viatu vilibaki vizima, wenye viatu wakazikwa mchangani. Kama kiatu kizima ndicho kipimo cha imani, basi kizazi kile cha manung'uniko kilikuwa cha watakatifu watupu! Mungu aliwatunzia viatu kwa huruma yake, hakuwa akiwalipa mshahara wa imani. Tena Mungu huyohuyo, katika jangwa hilohilo, aliiacha mana iliyolazwa hadi asubuhi iingie mabuu na kunuka. Mbona Kutoka 16:20 hamniletei?

Sisi wa Goma tungepaswa kuwa wa mwisho kusema maneno haya. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilishuka hadi katikati ya mji, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea. Nani atasimama aseme waliosali mle ndani walipungukiwa na imani? Mawe ya moto uleule ndiyo tunayoyakanyaga leo, meusi, makali, yanakwangua soli kama tupa. Paulo naye alipowaandikia Wakorintho kwamba utu wa nje unachakaa, alikuwa anajisema mwenyewe, mtume mzima. Hakusema atafunga ili usichakae. Alisema wa ndani unafanywa upya siku kwa siku. Kila siku, siyo kila semina.

Nilivinusa vile viatu. Moshi.

"Mama, mlivikausha wapi?"

"Juu ya makaa ya mbabula, Papa. Mvua ilikuwa imevilowesha."

Basi, laana tumeipata. Gundi ikipata moto inalainika na soli inaachia. Kiatu kilicholowa kijazwe karatasi, kiwekwe kivulini penye upepo, kiachwe hata siku mbili. Hilo nalirudia mpaka sauti inakauka, lakini ushauri usio na mafuta ya upako hauna wateja.

Dhana: kiatu cha ibada ukikificha chini ya kitanda, kitadumu.

Hapana! Soli zile nyepesi za povu, zilizojaa kwenye mitumba, zinaliwa na unyevu wa hewa hata bila kukanyaga chini. Nimeona kiatu kilichokaa ndani ya boksi miaka kinamomonyoka kama biskuti mlangoni mwa kanisa, siku ya arusi. Kivaeni.

Dhana: mtoto wa Mfalme havai kiraka.

Paulo akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Hakuomba jipya.

Dhana: Yesu alisema nondo na kutu vitaharibu, basi kutunza vitu ni kupenda dunia.

Mathayo 6:19 inakataza kujiwekea hazina. Yesu huyohuyo, baada ya watu kushiba, aliagiza vipande vikusanywe kisipotee kitu. Anayeacha viatu vya watoto mvuani usiku kucha halafu ananukuu kutu, huyo si mtu wa mbinguni, ni mvivu. (Samahani kwa wanaojijua.)

Viatu vya yule binti nimevishona pande zote kwa uzi wa nailoni, gundi nikaitia ya kusaidia tu. Msikubali fundi anayebandika bila kushona, atawarudisha kwake kila mwezi. Mama alilipa nusu, nusu ataleta Jumamosi. Alipovipokea alisita kidogo, akaniuliza kama ningeweza kuviombea, kwa kuwa mimi ni shemasi.

"Viatu hapana, Mama. Binti ndiyo. Anaitwa nani?"

Akanitajia jina, nami nikaweka sindano chini.